Miche Niliyompa Jirani

Yule bibi alihamia kwetu mwaka mmoja wa mvua nyingi, akiwa na sanduku la bati, magodoro mawili na majiko matatu ya mkaa. Majiko ndiyo yaliyowafanya watu wa kitongoji wamzungumzie wiki nzima. Mtu mmoja, majiko matatu! Baadaye tulielewa kwamba mjini Bukoba, alikoishi tangu kuzaliwa, alikuwa akipika chapati na vitumbua vya kuuza asubuhi, na jiko moja halikumtosha.

Sisi tunaishi upande wa Kamachumu, wilayani Muleba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha upande wa Kagoma, na mume wangu ni fundi seremala. Watoto wetu wameshaondoka nyumbani. Kibanja chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kinapakana na kile alichokuja kukaa yule bibi. Kilikuwa cha mjomba wake, mzee aliyeugua miaka mingi na kufariki bila mtoto. Kabla hajafa aliwaita wazee wa ukoo akawaambia kibanja kiende kwa binti wa dada yake, dada aliyeolewa mjini na Mwislamu ambaye asili ya baba yake ilikuwa pwani. Wazee walikubali mbele ya mgonjwa. Baada ya mazishi wengine walianza kunung'unika. Walisema mwanamke wa mjini, tena wa dini nyingine, atajua nini kuhusu migomba.

Kwa kweli hakujua mengi. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mwembamba, mwepesi wa miguu, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu sote. Kihaya alikisema vizuri, lakini kwa lafudhi ya mjini iliyowachekesha wanawake kisimani. Kibanja alikikuta kimekuwa pori. Migomba iliyobaki ilikuwa mizee, imekondeana, na magugu yalifika kiunoni. Alikodi watu wakafyeka, akabaki na ardhi tupu na kahawa chache.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Lazima niseme ukweli kuhusu kibanja changu, maana bila hivyo hadithi hii haieleweki. Nilikuwa nakionea fahari. Kila jioni nikitoka shule nilibadilisha nguo nikaingia migombani kabla hata sijanywa chai. Nilikuwa na nchoncho, aina ya ndizi za kupika, ambazo mikungu yake ilikuwa mizito hadi tuliiegemeza kwa miti miwili. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kutazama. Na kwa kuwa nilikuwa pia mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, nilikuwa nimezoea kuwa mtu wa kutazamwa.

Nilimwambia yule bibi, "Usinunue miche popote. Nitakupa ya kwangu."

"Mwalimu, miche yote hiyo utanipa bure?"

"Bibi, sisi ni majirani."

Nilichimba machipukizi kumi na matano, yote kutoka kwenye mashina yangu bora ya upande wa chini. Jumamosi moja nikawaita wanajumuiya tukaibeba miche vichwani, tukiimba, tukaenda kumpandia. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Yule bibi alitupikia chai ya tangawizi na chapati, na watu waliokuwa wakimnung'unikia walikula chapati zake kwa hamu.

Jumapili iliyofuata padre alikuja kusalisha kigangoni kwetu. Katika mahubiri akasema kuna mama mmoja hapa ambaye hakuishia kusema anampenda jirani, bali alichimba miche yake mwenyewe akampa mtu asiye hata wa dini yake. Hakunitaja, lakini vichwa vyote viligeuka upande wangu. Niliinamisha uso kama mtu mnyenyekevu. Ndani yangu nilikuwa nimefurahi mno.

Miche ilishika. Kufikia miezi michache ilikuwa imenipita kimo, na mimi na yule bibi tukawa marafiki wa kweli. Alasiri nilikuwa napita kwake, ananiwekea amwani kwenye kisahani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa tunazotafuna tukiwa na mgeni, tunazungumza. Aliniambia habari za soko la Bukoba la zamani, na mumewe aliyekuwa fundi cherehani, na jinsi alivyochoka kuishi kwenye chumba cha kupanga. "Hapa nikifungua mlango naona cha kwangu," alisema. Asubuhi alipika vitumbua, na watu waliokuwa wakienda Kamachumu walinunua.

Kisha siku moja, wakati wa masika, aliniita kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Mwalimu! Hebu njoo unitazamie mgomba huu. Sijui umekasirikia nini."

Nilikwenda huku nikicheka. Nilipoufikia kicheko kilikata. Majani mawili ya katikati yalikuwa yamelegea na kugeuka njano, kama yamemwagiwa maji ya moto. Mgomba wa pili, hatua chache kutoka pale, ulikuwa umeanza vilevile. Niliijua hali ile. Sisi wote tunaijua. Ni mnyauko, ugonjwa ambao huku watu huuita unyanjano, na mgomba ukishaupata hauponi. Unaung'oa shina zima na vichipukizi vyake, la sivyo unahamia kwa mwingine, na kwa mwingine, hadi kibanja kinakwisha.

"Ni nini?" aliuliza.

"Tumwite afisa ugani," nikasema. "Yeye ndiye atakayejua."

Lakini mimi nilikuwa nimeshajua. Na nilikuwa nimeshaanza kujiuliza jambo jingine, kwa sababu yule bibi hakuwa na miche mingine kibanjani mwake zaidi ya ile kumi na mitano.

Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja upande wa chini. Shina ambako nilikuwa nimechimbua miche mingi kuliko kwenye mengine lilikuwa na mkungu uliokaribia kukomaa. Kwa mbali ulionekana mzima. Nilipousogelea niliona ndizi tatu zimeiva katikati ya nyingine mbichi kabisa. Nilimwita mume wangu. Alikuja na panga, akakata mgomba katikati, tukasubiri kidogo. Usaha wa njano ukaanza kutoka kwenye jeraha, taratibu.

Mume wangu alikaa chini kwenye matandazo.

"Ni panga," alisema. "Panga hili. Unakumbuka ule msiba niliokwenda? Nilikatia migomba kwenye ile familia, nikarudi nalo, siku ya pili nikapogolea hapa. Sikulichoma moto kuua ugonjwa."

Hivyo ndivyo ugonjwa unavyosafiri. Kisu kimoja kikigusa mgomba mgonjwa kisha kikagusa mzima, huo nao unaambukizwa. Mgonjwa mwenyewe anaweza kukaa miezi bila kuonyesha dalili, na wewe ukachimba vichipukizi vyake ukampelekea jirani huku unaimba.

"Tuung'oe leo hii," mume wangu alisema. "Tuufukie nyuma ya banda, tuchome panga. Tuangalie shina moja moja. Pengine umeishia hapa."

Sikumbuki kama nilibisha. Nadhani sikubisha. Tulifanya kazi hiyo mchana uleule, wawili peke yetu. Tulichimba shimo refu, tukafukia shina na mkungu na majani, tukasawazisha udongo. Siku iliyofuata nilipanda maharage juu yake. Nilijiambia kwamba nimefanya kile wataalamu wanachoagiza, na hilo lilikuwa kweli. Ila wataalamu wanaagiza pia kutoa taarifa, na hilo sikulifanya.

Afisa ugani alikuwa safarini wiki zile. Kabla hajarudi, habari zilikuwa zimekwishaenea kwamba unyanjano umeingia kwa yule bibi. Na habari ikienea huku kwetu, haikai bila maelezo. Watu walisema ameuleta kutoka mjini. Wengine walisema alichanganya miche ya Mwalimu na mingine aliyoinunua njiani. Ndugu wa ukoo waliokuwa wakinung'unika tangu mwanzo walisema, "Tulijua. Kibanja kimepewa mtu asiyekijua." Wanawake waliacha kununua vitumbua vyake, kana kwamba ugonjwa wa migomba unapita kwenye mafuta ya kukaangia.

Asubuhi moja nilipokuwa natoka kwenda shule nilimkuta amekaa mlangoni na beseni la vitumbua limejaa.

"Mwalimu," akasema, akijaribu kutabasamu, "wewe ndiye mwenye kujua migomba hapa. Waambie kwamba sikuleta kitu kutoka Bukoba. Wewe watakusikia."

"Nitawaambia, Bibi."

Nilinunua vitumbua sita, nikaenda zangu. Sikumwambia mtu yeyote.

Sikusema uongo. Hilo ndilo nililokuwa nalishikilia. Mtu akiniuliza, nilisema, "Tumsubiri afisa ugani." Nilinyamaza tu. Kunyamaza kulikuwa kazi rahisi siku ya kwanza, na kila siku iliyofuata kusema kukawa kugumu zaidi, kwa maana sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikusema mapema. Ziliisha wiki tatu hivyo.

Kilichonivunja ni sala. Jumuiya ilikutana nyumbani kwangu, kama kawaida, watu kumi na wawili hivi, tumekaa kwenye mikeka. Tulisoma Injili, nikaongoza tafakari, na ikafika zamu ya maombi. Mama mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, mtu asiye na hila hata kidogo, alifumba macho akasema, "Tumwombee jirani yetu aliyetuletea ugonjwa wa migomba. Bwana amsamehe, kwa kuwa hakujua alitendalo. Ee Bwana."

Na wote wakajibu, "Twakuomba utusikie."

Mimi pia nilijibu. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu, kwa sababu mwenyekiti ndiye anayeongoza wengine kuitikia. Nikayasikia maneno yakitoka kinywani mwangu. Nilikuwa nimeketi nyumbani kwangu, mita hamsini kutoka kwenye lile shimo, nikimwomba Mungu amsamehe mwanamke mwingine kwa kosa langu.

Wiki hiyo nilikuwa na semina ya walimu Bukoba, siku mbili. Nilipanda gari Muleba nikiwa na jambo moja kichwani. Jioni ya siku ya kwanza wenzangu walikwenda ufukweni kula samaki. Mimi nikaenda kanisani kuungama, na nitakiri kwamba nilifurahi kuungamia mjini kwa padre asiyenijua. Nilimweleza yote, kuanzia miche hadi shimo. Nilieleza kwa urefu, nikaeleza na habari ya panga, na jinsi isivyowezekana kujua mapema.

Alikuwa padre mzee, mwenye kikohozi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama, kosa la panga si dhambi," alisema. "Hilo liache. Yule bibi anajua?"

"Hapana, Padre."

"Sasa umekuja kuniambia mimi. Mimi sina mgomba hata mmoja."

Akakohoa, kisha akaendelea.

"Mungu anakusamehe, nami nitakuondolea dhambi. Lakini jina la yule mama bado limechafuka kule kwenu, na mimi siwezi kulisafisha nikiwa hapa. Rudi ukamwambie yeye kwanza. Halafu uwaambie waliosikia mabaya yake, wote, kwa sauti ileile waliyosikia nayo. Hayo ndiyo malipizi yako."

Nilitegemea anipe rozari moja au mbili. Nilitoka nje, nikatembea hadi nilikofikia bila kutazama dukani wala ziwani.

Niliporudi nilimwambia mume wangu. Alikuwa anapiga randa ubao, akaendelea kupiga muda mrefu.

"Watakata upande wote wa chini," alisema hatimaye.

"Wakate."

"Ndizi za kula tutazitoa wapi?"

"Sijui."

Aliweka randa chini. "Aliyekuwa na panga ni mimi," akasema. "Usisimame peke yako."

Afisa ugani alikuwa amerudi, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameitisha mkutano Jumamosi alasiri kuhusu ugonjwa ule. Jumamosi hiyo asubuhi nilikwenda kwa yule bibi. Nilimkuta jikoni anageuza chapati, chache, kama za mtu anayepika kwa mazoea tu. Nilibaki nimesimama mlangoni.

"Bibi, miche niliyokupa ilikuwa na ugonjwa," nikasema. "Sikujua nilipokupa. Lakini siku ile uliyoniita kuangalia, nilirudi nyumbani nikaukuta kwangu. Tuliung'oa mgomba tukaufukia, nikanyamaza. Wewe hukuleta kitu. Ni mimi."

Aliipua kikaango, akakiweka chini. Akafuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Kunipa mgomba mgonjwa si kosa lako, Mwalimu," alisema. "Kuniacha nitukanwe wiki tatu, huku unanunua vitumbua vyangu, hilo ndilo lako."

"Ndiyo, Bibi."

"Nilikwambia uwaambie. Ukaniitikia."

"Ndiyo."

"Nenda nyumbani sasa. Nenda, nisije nikatamka neno nitakalolijutia."

Nikaenda. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya hasira, na hata machozi, na katika kona moja ya moyo nilikuwa nimetumaini atanikumbatia na kunisifu kwa kusema kweli. Haikuwa hivyo. Njiani niliona aibu ya kutumaini jambo kama lile.

Mkutano ulifanyika kwenye baraza la ghala la kahawa. Watu walikuwa wengi, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye nyasi. Yule bibi alikuja, akakaa peke yake pembeni, amejitanda khanga vizuri kama anayekwenda harusini. Afisa ugani alieleza dalili na namna ya kuzuia. Kisha mmoja wa ndugu wa ukoo akasimama. Akasema kwa heshima zote, ingefaa kibanja kile kirudi mikononi mwa wanaokijua, angalau hadi ugonjwa uishe, na mama yetu arudi mjini apumzike. Wengi waliguna kukubali.

Nilinyoosha mkono. Nikasimama.

"Ugonjwa haukutoka Bukoba," nikasema. "Umetoka kwangu. Miche kumi na mitano iliyopandwa pale ni yangu, na ninyi wengine mliibeba. Shina nilikoichimbua limeugua. Nilijua tangu wiki tatu zilizopita, na nikanyamaza, na nikawaacha mkamsema mama huyu. Namwomba radhi mbele yenu. Nanyi mnisamehe."

Minong'ono ikaanza. Yule ndugu wa ukoo hakuwa ameketi bado.

"Mwalimu anamfunika," alisema. "Ni rafiki yake. Kila mtu anajua kibanja cha Mwalimu hakina ugonjwa."

Hapo mume wangu akasimama. Yeye si mtu wa kuongea mikutanoni. Tangu tuoane sikuwahi kumsikia akisema mbele za watu zaidi ya kutoa shukrani.

"Njooni niwaonyeshe nilipoufukia," akasema, akaanza kutembea.

Watu wakamfuata, nusu ya mkutano. Afisa ugani alifukua kidogo tu, akatikisa kichwa, akatosheka. Kisha akapita upande wa chini wote, shina kwa shina, akiweka alama. Mashina manne mengine yalikuwa yameanza, na mimi nilikuwa nimepita hapo kila jioni bila kutaka kuona. Alisema itabidi yaondolewe na yaliyo jirani nayo, karibu robo ya kibanja.

Mikungu mingine ilikuwa imebakiza wiki mbili ikomae. Niliiangalia, na kitu nilichokitegemea hakikuja. Sikulia. Nilihisi njaa, njaa ya kawaida kabisa. Nilikuwa sijala vizuri kwa siku nyingi. Niliingia ndani nikapika ugali, tukala na mume wangu hadi tukamaliza sufuria.

Wanajumuiya hawakunipokea kwa kunipongeza. Tulipokutana wiki iliyofuata niliwaambia niko tayari kuachia uenyekiti, nikidhani watakataa. Walikubali. Walikubali upesi. Rafiki yangu, yule aliyetoa ombi siku ile, ndiye aliyekasirika kuliko wote. "Ulinifanya nimsingizie mtu mbele za Mungu," aliniambia, machozi yakimlengalenga. Wakamchagua yeye.

Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa mfupi. "Wiki hii hatusali nyumbani kwa mtu," alisema. "Njooni na majembe."

Tulikwenda kwa yule bibi asubuhi, watu wote kumi na wawili. Alitoka mlangoni akatutazama.

"Mmekuja kuniombea?" aliuliza, na mtu aliyemjua angesikia makali kwenye sauti.

"Hapana, waitu," mwenyekiti wetu mpya alimjibu kwa neno letu la heshima. "Tumekuja kung'oa. Na kukuomba radhi, kama utatusikiliza tukimaliza."

Yule bibi alifikiri kidogo. Kisha akaingia ndani, akatoka na jiko lenye moto, akaliweka katikati ya njia. "Mapanga na majembe yote yapite hapa kwanza," akasema. "Sitaki mniletee magonjwa mengine." Tukapanga foleni, mmoja mmoja, tukachoma zana zetu mbele yake. Nilipofika mimi hakunitazama, ila alitazama panga langu kwa makini kuliko ya wengine wote.

Tulifanya kazi hadi saa nane. Baadaye wakahamia kwangu, nao walikuwa wamechoka, wakang'oa bila kuimba. Tangu siku hiyo, na mpaka leo, jumuiya yetu inasali wiki moja na wiki nyingine inalima kwa mtu. Hakuna aliyetoa hoja rasmi. Ilianza hivyo tu, ikabaki.

Ardhi ilitakiwa kupumzika miezi sita bila migomba. Kila Jumamosi mmoja wetu alimpelekea yule bibi mkungu kutoka kibanja kizima. Ilipofika zamu yangu niliuacha mlangoni, nikabisha hodi, nikaondoka. Salamu zangu alizijibu kwa neno moja. Sikumlaumu. Nilikuwa nimezoea kuona msamaha kama kitu kinachotolewa papo hapo, kama kule kanisani. Sasa nilikuwa najifunza kwamba mtu aliyeumizwa ana saa yake mwenyewe.

Halafu alasiri moja ya mvua alikuja. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, maji yanachuruzika.

"Kaije, Bibi," nikamkaribisha kwa Kihaya. "Ingia, ingia."

Aliingia, akakaa. Akatazama chumba kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona.

"Wameniambia nipande maharage wakati huu wa kusubiri," alisema. "Mbegu unayo?"

Nilileta ungo wa maharage niliyokuwa nimeyachagua kwa ajili ya kupanda. Alichukua moja, akalisogeza dirishani, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Akachukua la pili, akafanya vilevile. Akachukua la tatu.

"Bibi, unatafuta nini?"

"Nayachunguza," akasema bila kuinua macho. "Nyumba hii nilishawahi kupewa vitu."

Nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, na nilipoona anacheka nami nikacheka, nikacheka hadi nikalazimika kuketi, na machozi yale yaliyokataa kutoka siku ya kukatwa migomba yalitoka yote. Mume wangu alikuja kutoka karakana na vumbi la mbao kichwani kuuliza kuna nini. Hakuna aliyeweza kumweleza.

Alikaa hadi mvua ilipokatika. Alipoondoka alibeba mbegu, na akaniambia, "Kesho upite. Amwani zipo."

Miezi ilipotimia, afisa ugani alituletea miche safi kutoka kwenye kitalu kilichokaguliwa. Tulipanda siku moja, kwake asubuhi na kwangu jioni. Migomba yake sasa imezaa mara ya pili. Upande wangu wa chini haujarudi kuwa kama zamani, na kusema kweli siushughulikii kama zamani. Nafika nyumbani nakunywa chai kwanza. Vitumbua vyake vinaisha mapema, na wakati wa Ramadhani, wakati hapiki asubuhi, watu wa kitongoji huuliza ni siku ngapi zimebaki kama wanaofunga ni wao. Yule ndugu wa ukoo alikwenda kwake mwaka jana kuomba machipukizi. Alipewa, baada ya kusubirishwa kidogo.

Nimefundisha dini kwa watoto wa kipaimara miaka mingi, na naendelea kufundisha. Nikifika mahali pa kueleza namna ya kuishi imani, siku hizi nasema machache. Nawauliza ni nani aliye jirani yao, na ni kitu gani mtu huyo anakihitaji kutoka kwao wiki hii. Majibu yao ni ya kuchota maji, kurudisha kalamu, kusema nani hasa alivunja dirisha. Yananitosha.

Leo ni Jumamosi. Mume wangu yuko kwa yule bibi anamwekea mlango mpya wa jikoni, na nawasikia kutoka hapa nilipo. Yeye anasema bawaba ziko sawa. Bibi anasema haziko sawa, mlango unalia, na fundi mwenye uzoefu angesikia. Wamebishana hivyo tangu saa nne, na hakuna hata mmoja anayeonekana kutaka kumaliza. Jua limetoka vizuri baada ya mvua. Mimi nina mstari mmoja wa maharage wa kupalilia, kisha nitachemsha chai ya watu watatu.